Funika Ubao, Kisha Sema: Mazoezi ya Kurudia na Kujifunza Lugha ya Kigeni

Mashua za wavuvi zirudipo katika ufuko wa Bagamoyo, watoto hukimbilia huko kutazama samaki wanaoteremshwa. Hakuna hata mmoja wao anayekumbuka siku aliyojifunza neno mashua. Alilipata kama alivyopata kutembea: kwa kulisikia mara nyingi zisizohesabika, likiambatana daima na chombo chenyewe, bila ya daftari wala mtihani.

Neno hilo hilo lilipata kutumika katika maabara ya saikolojia nchini Marekani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2008. Wanafunzi wa chuo kikuu wasiojua Kiswahili walipewa maneno 40 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, mashua likiwa mojawapo, wakatakiwa kuyajifunza. Wataalamu waliofanya jaribio hilo hawakuwa na haja na Kiswahili chenyewe. Walitaka lugha iliyo ngeni kabisa kwa wanafunzi wao ili wapime jambo moja: ni kurudia kwa namna gani kunakolifanya neno geni likae akilini?

Swali hilo si la maabara peke yake. Lina uzito kwa kijana wa Bagamoyo, Mlingotini au Saadani anayemaliza shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana huyo hurudia maneno mengi mno, na bado mengi humponyoka. Hata hivyo, mwambao huu wa kaskazini ya Dar es Salaam ni mahali ambapo lugha za kigeni zimefundishwa kwa mazoezi ya kurudia kwa muda mrefu sana. Mazoea hayo ya kale yakilinganishwa na matokeo ya uchunguzi wa sayansi, yanaonyesha wazi ni kurudia kupi kunakofaa na ni kupi kunakopoteza wakati.

UBAO WA CHUONI

Lugha ya kigeni ya kwanza ambayo watoto wengi wa mwambao walikutana nayo kwa utaratibu ilikuwa Kiarabu, na mahali walipokutana nayo ni chuoni, yaani shule ya Kurani. Magofu ya misikiti ya Kaole, kilometa chache kusini ya mji wa Bagamoyo, na yale ya Kunduchi, ni ushahidi kwamba Uislamu ulikuwa umetia mizizi pwani hii karne nyingi kabla ya kuwapo shule za serikali.

Mtoto alianza na herufi: alifu, bee, tee, na kuendelea. Alizisoma kwa sauti pamoja na wenzake. Kisha herufi zilivishwa alama za irabu, naye akasoma ba, bi, bu. Ta, ti, tu, mpaka ulimi wake ukazoea. Baada ya hapo alipewa Sura ya Ufunguzi na sura fupi za mwisho wa Kurani. Somo la siku liliandikwa juu ya ubao kwa wino uliotengenezwa kwa masizi. Mtoto alilisoma akifuata maandishi kwa kidole, na wanafunzi wakubwa wakiwasimamia wadogo. Ilipofika zamu yake alikwenda mbele ya mwalimu akalisoma kwa moyo. Akipita, ubao ulioshwa na somo jipya likaandikwa. Asipopita, alirudi kukaa na somo lile lile.

Katika mpango huu mnyofu mna mambo matatu yanayostahili kuangaliwa. La kwanza, somo lilikuwa fupi, kadiri ya uwezo wa mtoto. La pili, masomo yaliyopita yalidurusiwa siku baada ya siku, hayakuachwa kwa sababu tu yalikwisha kusomwa. La tatu, nalo ndilo kubwa, mtoto hakuhesabiwa kuwa amejua kwa kuwa amesoma mara nyingi, bali kwa kuwa ameweza kusema bila ya kutazama. Ubao uliooshwa hausomeki. Kilichobaki ni kile tu kilichomo kichwani.

Lakini mpango huo ulikuwa na mpaka wake. Mtoto aliweza kusoma Kurani nzima na kufanyiwa sherehe ya kuhitimu, na hata hivyo asiweze kumwomba maji Mwarabu kwa lugha yake. Lengo la chuo lilikuwa ibada na usomaji sahihi, na lengo hilo lilitimia. Maana ya maneno ilikuja baadaye, kwa wale walioendelea kukaa mbele ya masheikh na kusoma nahau, sheria na tafsiri. Mfano mashuhuri mjini Bagamoyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Asili yake ilikuwa bara, upande wa Kongo ya Mashariki, akaletwa pwani utumwani akiwa mtoto. Mtu ambaye Kiarabu hakikuwa lugha ya mama yake wala ya baba yake alifikia kuwa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiria katika mji huo. Herufi za ubaoni zilimfungulia mlango, lakini ni kusoma kwa kufahamu kulikomwingiza ndani.

MTU WA DUNDA MJINI BERLIN

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yaligeuka. Watu wa pwani, waliozoea kujifunza lugha za wageni, sasa waliitwa kuwafundisha wageni lugha yao wenyewe. Mwaka 1887 ilianzishwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako Wajerumani waliokusudia kuja Afrika ya Mashariki kutawala, kufanya biashara au kuhubiri walifundishwa Kiswahili. Mwalimu Mjerumani alieleza sarufi. Msemaji wa lugha aliyetoka pwani aliwazoeza wanafunzi kutamka na kuzungumza.

Mmoja wa wasemaji hao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900. Yeye mwenyewe alilelewa katika elimu ya chuoni, na kitabu chake kuhusu desturi za Waswahili, kilichochapishwa mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, kinaeleza pamoja na mengine jinsi mtoto wa pwani alivyotiwa chuoni. Baadaye alifanya kazi mjini Hamburg, akafariki Berlin mwaka 1927.

Kazi ya mtu kama Mtoro inaonyesha kwa nini kitabu cha sarufi peke yake hakitoshi. Mjerumani anayo sauti ya ng' katika lugha yake, lakini haimwanzii neno. Kwa hiyo ng'ombe na ng'ambo humpa taabu ingawa sauti yenyewe si ngeni kwake. Sauti za dh na th hana kabisa. Mambo kama haya hayaondolewi kwa maelezo. Huondolewa kwa kusikia, kujaribu, kusahihishwa, na kujaribu tena.

HESABU YA KUSAHAU

Wakati Seminari ya Berlin haijaanzishwa bado, Mjerumani mwingine, Hermann Ebbinghaus, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya kuchosha iliyoweka msingi wa sayansi ya kumbukumbu. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akajifunza orodha hizo kwa moyo, kisha akapima baada ya muda fulani ni kiasi gani cha kazi alichookoa alipojifunza tena. Aliyepimwa alikuwa yeye mwenyewe peke yake. Matokeo aliyatangaza mwaka 1885.

Aligundua kwamba kusahau hakuendi kwa mwendo mmoja. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Lakini baada ya hapo upotevu ulipungua kasi, na baada ya mwezi mzima ilibaki bado kama sehemu moja ya tano. Kwa maneno mengine, saa za kwanza ndizo za hatari.

Jambo la pili aliloligundua lina manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Katika jaribio mojawapo, kurudia orodha mara 38 kulikogawanywa katika siku tatu kulileta faida sawa na kurudia mara 68 katika siku moja. Saa za usingizi na za shughuli nyingine zilizopita katikati hazikuwa hasara, maana kila kurudia kulikuja wakati akili imeanza kusahau. Mtoto wa chuoni aliyedurusu kidogo kila siku alikuwa akifuata kanuni hiyo bila ya kuijua kwa jina. Wahenga nao walikwisha kusema: papo kwa papo kamba hukata jiwe.

MASHUA KATIKA MAABARA

Ebbinghaus aliuliza ni mara ngapi na lini. Swali la namna gani lilijibiwa kwa uwazi zaidi na jaribio la maneno ya Kiswahili lililotajwa mwanzoni. Walioliandaa ni Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, na liliendeshwa hivi. Mwanafunzi alionyeshwa neno la Kiswahili na maana yake. Hiyo ndiyo hatua ya kusoma. Kisha alionyeshwa neno la Kiswahili peke yake akatakiwa kutaja maana. Hiyo ndiyo hatua ya kujipima. Hatua hizo zilifuatana kwa zamu mara kadhaa. Tofauti ilianza pale mwanafunzi alipofaulu kulikumbuka neno kwa mara ya kwanza.

Kundi la kwanza liliendelea kusoma na kujipima kwa maneno yote. Kundi la pili liliendelea kujipima kwa maneno yote, lakini neno lililokumbukwa halikusomwa tena. Kundi la tatu lilifanya kinyume: liliendelea kuyasoma maneno yote, lakini neno lililokumbukwa halikupimwa tena. Kundi la nne liliachana kabisa na neno lililokumbukwa, kwa kusoma na kwa kujipima.

Baada ya juma moja wote waliitwa. Makundi mawili yaliyoendelea kujipima yalikumbuka kiasi cha asilimia 80 ya maneno. Kundi lililoendelea kusoma bila ya kujipima lilikumbuka asilimia 36, na lile lililoacha yote mawili asilimia 33. Yaani kusoma tena na tena neno ambalo mtu amekwisha kulikumbuka mara moja hakukuongeza karibu chochote. Kulitafuta tena na tena kichwani ndiko kulikozidisha faida maradufu na zaidi.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakuiona tofauti hiyo. Walipoulizwa kabla ya kuondoka watakumbuka maneno mangapi baada ya juma moja, makundi yote manne yalikisia kiasi kimoja, karibu nusu. Kusoma tena humpa mtu hisia ya kujua, kwa sababu neno alionalo linafanana na alilokwisha kuliona. Lakini kulitambua neno lililo mbele ya macho si sawa na kulipata pindi linapohitajiwa.

Maelezo ya jambo hili yanaweza kufananishwa na njia ya porini. Njia isiyopitwa huota majani, hata ikiwa inajulikana wazi inapoanzia. Kila mara akili inapolitafuta neno na kulipata, hupita njia ile ile na kuisafisha. Anayesoma neno daftarini hapiti njiani. Anaonyeshwa tu mahali inapofika.

SIKIO NA ULIMI

Maneno hayatoshi ikiwa sikio haliyasikii sawasawa. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8, waliolelewa katika lugha ya Kiingereza, waliweza kutofautisha sauti za lugha ya Kihindi ambazo watu wazima wa Kiingereza hawakuzitofautisha vyema. Walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Sikio la binadamu hujifunga mapema katika sauti za lugha ya nyumbani.

Kwa sababu hiyo Mswahili, mwenye irabu 5 tu, husikia sauti moja katika maneno mawili ya Kiingereza, ship na sheep, ambayo kwa Mwingereza ni meli na kondoo. Kwa sababu hiyo pia mtoto chuoni ilimbidi azoezwe sana kutenga sini na sadi, au kafu na kafu nzito itokayo kooni.

Habari njema ni kwamba sikio laweza kufunguliwa tena kwa kiasi. Mwaka 1991 wataalamu waliochunguza Wajapani, ambao huona taabu kutofautisha r na l za Kiingereza, walitangaza kwamba uwezo wao uliongezeka baada ya mazoezi ya kusikiliza maneno yaliyotamkwa na wasemaji kadhaa, huku wakielezwa kila mara kama wamepatia au wamekosea. Mambo mawili yalitiwa pamoja hapo: wingi wa sauti na masahihisho ya papo hapo. Anayeiga sauti ya msemaji mmoja tu hujizoeza kumfahamu mtu yule mmoja.

MAZOEZI YASIYO NA MAANA

Katikati ya karne ya 20 mazoezi ya kurudia yalifanywa kuwa mfumo kamili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilihitaji watu wengi wenye kusema lugha za kigeni kwa muda mfupi, na baada ya vita maabara za lugha, zilizojaa vinasa sauti, zikaenea katika vyuo. Mwanafunzi alisikia sentensi, akairudia, kisha akapewa neno la kuingiza mahali pa jingine. Kiswahili nacho kilifundishwa kwa njia hiyo: mwaka 1963 taasisi ya Marekani inayowafundisha wanabalozi ilichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili kilichoandaliwa na E. W. Stevick pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga.

Kiswahili kinapatana na mazoezi kama hayo kwa sababu ya ngeli zake. Mwalimu husema: Kitabu kimepotea. Kisha husema: vitabu, mwanafunzi hujibu: Vitabu vimepotea. Mwalimu: mkoba, mwanafunzi: Mkoba umepotea. Baada ya siku nyingi mgeni huyo hupatanisha ngeli bila ya kusimama na kufikiri, na bila ya hilo hawezi kuzungumza, kwani mazungumzo hayamngoji mtu anayetafuta kanuni.

Lakini zoezi hilo hilo linaonyesha upungufu wake. Tuseme mwalimu atunge neno lisilokuwapo, kisonzo. Mwanafunzi mzuri atajibu mara moja: Kisonzo kimepotea, na akiambiwa wingi: Visonzo vimepotea. Amejibu sawasawa, wala hajui ni kitu gani kilichopotea. Kanuni imeingia ulimini, ambalo ni jambo la faida. Maana haikuhitajika, ambalo ni jambo la hatari. Anayefanya mazoezi mwaka mzima kwa namna hiyo aweza kuwa fundi wa mazoezi, akakwama sokoni.

Nadharia iliyotegemeza mfumo huo, kwamba lugha ni mazoea yanayojengwa kwa kuigwa na kutuzwa, ilishambuliwa vikali mwaka 1959 na Noam Chomsky alipokosoa kitabu cha B. F. Skinner. Mtoto husema mambo ambayo hajapata kuyasikia. Mtoto wa Kiswahili akisema «ja» badala ya «njoo», hakumwiga mtu yeyote. Ametumia kanuni aliyoigundua mwenyewe. Stevick naye, miaka 13 baada ya kitabu chake cha mazoezi, alitoa mwaka 1976 kitabu kingine kuhusu kumbukumbu, maana na njia za kufundisha, akisisitiza kwamba linalodumu ni lile lenye uzito kwa mwanafunzi mwenyewe. Mazoezi hayakutupwa, yaliwekwa mahali pake.

SANDUKU LA MWANAFUNZI

Haya yote yanamhusu kijana wa sekondari. Mwaka 1984 wachunguzi wawili, C. Criper na W. Dodd, walitoa ripoti kuhusu Kiingereza katika shule za Tanzania, wakaonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakukijua vya kutosha kuwawezesha kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo. Mwanafunzi aliye katika hali hiyo hunakili maelezo ya ubaoni, kisha huyasoma na kuyasoma tena, hasa usiku wa kuamkia mtihani. Anafanya bidii kubwa, lakini ni ile bidii ya kundi la tatu la maabara.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza njia ya kutumia sanduku lenye vyumba vitano na vipande vya karatasi ngumu. Boksi la viatu latosha. Upande mmoja wa kipande huandikwa neno la kigeni, upande wa pili maana yake, na bora zaidi sentensi fupi. Vipande vyote huanza katika chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Mwanafunzi hutazama upande mmoja na kutaja wa pili kwa sauti kabla ya kugeuza. Akipatia, kipande husogezwa chumba cha pili, kinachopitiwa baada ya siku chache. Akipatia tena, chumba cha tatu, na kadhalika, kila chumba kikingoja muda mrefu kuliko kilichotangulia. Akikosea, kipande hurudi chumba cha kwanza. Hivyo maneno magumu hurudiwa mara nyingi, na mepesi mara chache.

Mambo mawili yaongezwe. La kwanza, neno lifungamanishwe na kitu kinachojulikana. Mwanafunzi wa Bagamoyo anayejifunza neno evaporation hana haja ya kulishika kama silabi za Ebbinghaus. Na akumbuke mashamba ya chumvi ya pwani, ambako maji ya bahari huachwa juani yakageuka mvuke na chumvi ikabaki. La pili, neno litolewe sandukuni na kutumiwa: kumweleza mwenziwe, kuandika barua, kuuliza swali darasani. Mwalimu naye aweza kuanza kila kipindi kwa dakika tano za maswali juu ya somo la juma lililopita, madaftari yakiwa yamefungwa, si kwa ajili ya kutoa alama bali kwa ajili ya kukumbusha.

Kujikumbusha ni kugumu kuliko kusoma tena, na anayejipima huona makosa mengi mwanzoni. Wengi hukata tamaa hapo, wakarudi katika daftari linalowapa raha ya kuona kila neno likiwa mahali pake. Lakini ile taabu ya kutafuta ndiyo kazi yenyewe. Mtoto aliyesimama mbele ya mwalimu wake chuoni, ubao ukiwa umeoshwa, hakuwa na mahali pengine pa kutazama isipokuwa ndani ya kichwa chake. Na aliyoyatoa humo siku ile, aliweza kuyatoa tena uzeeni.